Kache ya picha iliyoachiwa mkusanya taka: kisa cha Android 2.3

Kati ya mwaka 2008 na 2011, programu nyingi za Android zilizoonyesha orodha ndefu za picha, ziwe ni majalada ya vitabu, sura za marafiki au bidhaa za duka, zilitunza picha hizo kwenye kache, yaani akiba ya kumbukumbu inayoziweka karibu ili zisitafutwe upya, kwa mbinu moja. Mbinu yenyewe ilikuwa fupi, ilionekana salama, na maelezo rasmi ya Java, lugha iliyotumika kuandika programu hizo, yaliitaja kuwa ndiyo kazi hasa ya chombo kilichotumika. Kisha ikaja Android 2.3, iliyotolewa Desemba 2010, na kache zile zikaacha kufanya kazi ingawa hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu zenyewe. Ninakichambua kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililofichuka siku hizo halikuwa la simu peke yake. Lilikuwa kosa la kumkabidhi mkusanya taka, sehemu ya mfumo inayoondoa kwenye kumbukumbu vitu visivyofikiwa tena, uamuzi ambao hana namna ya kuufanya vizuri, na watu wanaoandika programu za seva wanaendelea kulirudia.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Picha ikiwa katika faili la JPEG huwa imebanwa, lakini skrini haichori kilichobanwa. Ni lazima picha isimbuliwe iwe bitimapu, ambamo kila pikseli huchukua baiti 4. Skrini ya pikseli 800 kwa 480 ina pikseli 384,000, kwa hiyo picha zinazoijaza skrini hiyo mara moja tu zinahitaji baiti 1,536,000, yaani takribani MB 1.5. Upande wa pili, kila programu ya Android iliwekewa kikomo cha hipu, lile eneo la kumbukumbu ambamo vitu vyote vinavyoundwa na programu huwekwa. Kwenye simu ya kwanza ya Android, G1, kikomo kilikuwa MB 16. Kwenye Motorola Droid kilikuwa 24, kwenye Nexus One 32, na kwenye tableti ya Xoom 48. Mwenye G1 asingeweza kushika hata skrini kumi na moja za ukubwa huo, na hapo ni kama programu isingekuwa na kitu kingine chochote cha kuhifadhi.

Wakati huohuo mtumiaji hupandisha na kushusha orodha kwa kidole, na anaporudi juu anatarajia kuzikuta picha alizoziona sekunde tatu zilizopita. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde haiachi hata milisekunde 17 kwa kila mchoro, na kupakua picha upya kutoka kwenye mtandao, au hata kuisimbua upya kutoka kwenye faili, kunahitaji muda mrefu kuliko huo. Kache ilikuwa ya lazima. Swali lilikuwa ni nani aamue picha ipi itoke, na lini.

Jawabu la wengi lilikuwa rejeleo laini. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998, Java imekuwa na marejeleo, yaani viungo ambavyo programu hufikia navyo vitu vyake, ya nguvu tofauti. Rejeleo la kawaida ni imara: kitu kinachofikiwa kwa rejeleo hilo hakiguswi na mkusanya taka. Rejeleo dhaifu, WeakReference, halikilindi kitu hata kidogo. Likiwa ndilo pekee lililobaki, kitu huondolewa katika mzunguko unaofuata wa ukusanyaji. Rejeleo laini, SoftReference, limewekwa katikati: kitu kinaweza kuachwa kiendelee kuishi maadamu kumbukumbu inatosha, na kinaweza kuondolewa ikipungua. Maelezo ya darasa hilo yanasema wazi kwamba matumizi yake makubwa ni kache zinazoitikia hali ya kumbukumbu. Mwandishi wa programu aliyesoma maneno hayo hakuwa mzembe alipoyaamini.

Umbo lililozoeleka lilikuwa la ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilishika picha chache kwa marejeleo imara, mara nyingi kwa LinkedHashMap (jedwali la Java linalotunza vitu kwa mpangilio) yenye nafasi kama kumi hivi. Picha iliyosukumwa nje ya ngazi hiyo ilihamia ya pili, jedwali la anwani za picha na marejeleo laini, ambalo halikuwekewa kikomo chochote kwa sababu kila mtu alitegemea kwamba mkusanya taka atalipunguza mwenyewe inapobidi. Hata mfano wa kupakua picha uliotolewa na waandishi wa Android wenyewe mwaka 2010 ulikuwa na umbo hili.

Ahadi inayotolewa na Java inastahili kusomwa polepole. Inasema kwamba marejeleo yote laini yatakuwa yamefutwa kabla mashine ya Java, ile inayoendesha programu, haijatupa kosa la OutOfMemoryError, yaani la kuishiwa kumbukumbu. Zaidi ya hapo, wakati wa kuyafuta na utaratibu wa kuyachagua vimeachwa wazi. Watengenezaji wa mashine wanahimizwa tu wayaonee huruma yale yaliyoundwa au kutumiwa karibuni. Kwa hiyo ahadi imewekewa mpaka upande mmoja: inataja saa ya mwisho ya kufuta na haisemi lolote kuhusu saa ya kwanza. Mashine inayofuta marejeleo yote laini kila inapokusanya taka, hata kama hipu ina nafasi tele, haijavunja sharti lolote. Waliojenga kache hizo walisoma sharti ambalo halikuandikwa, kwamba picha zitakaa hadi kumbukumbu ikaribie kuisha, na kwa miaka miwili tabia ya simu zilizokuwapo ikawafanya waamini kwamba limeandikwa.

Toleo la 2.3 lilileta mkusanya taka mpya. Yule wa zamani alisimamisha programu nzima, akapitia hipu yote, na kusita huko mara nyingi kulizidi milisekunde 100. Mtumiaji alikuona kama mkwamo wa orodha chini ya kidole chake. Yule mpya alifanya sehemu kubwa ya kazi yake sambamba na programu, aliweza kupitia sehemu tu ya hipu, na kusita kwake kwa kawaida hakukufika milisekunde 5. Yalikuwa maendeleo makubwa na siyabezi. Lakini mkusanya taka huyohuyo alikuwa mkali zaidi kwa marejeleo laini na dhaifu, kiasi kwamba mwongozo rasmi wa Android baadaye ulisema kuwa kache za aina hii zimekuwa karibu hazina manufaa.

Mtu aliyeshika simu aliona hivi: anashusha orodha, picha zinajitokeza moja baada ya nyingine, anaipandisha, na mahali pa picha alizoziona punde anakuta miraba ya kijivu, kisha picha zinajitokeza tena. Kwa mwandishi wa programu hapakuwa na kosa wala onyo, na kipimo cha kumbukumbu kilionyesha nafasi ya kutosha. Msomaji wa Kenya huenda anaikumbuka IDEOS ya Huawei, iliyouzwa mwaka 2011 kwa takribani shilingi 8,000 na kuwafanya wengi washike Android kwa mara ya kwanza. Simu hiyo ilikuwa na Android 2.2. Programu ileile ikiwekwa kwenye IDEOS na kwenye simu ya 2.3 iliyolala kando yake mezani, ilikuwa mikononi mwa wakusanya taka wawili wenye tabia tofauti, na mwandishi aliyeijaribu kwenye simu moja pekee asingeweza kujua kinachowapata watumiaji wa ile nyingine.

Sababu ya kwanza ya udhaifu huu ni ya maarifa, nayo ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa. Hipu ya Android haianzi ikiwa na ukubwa wa kikomo chake. Huanza ndogo na kukua kadiri inavyohitajika. Inapojaa kwa ukubwa wake wa wakati huo, mkusanya taka ana njia mbili: afute marejeleo laini ili apate nafasi, au aikuze hipu. Njia ipi ni sahihi? Hawezi kujua. Akiikuza, anachukua kumbukumbu ya simu ambayo programu nyingine nazo zinaigombania. Akifuta, huenda anatupa kitu ambacho kitahitajika baada ya nusu sekunde. Ili achague vizuri angehitaji kujua gharama ya kukipata tena kila kitu na uwezekano wa kuhitajika kwake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichoandikwa ndani ya rejeleo laini. Jalada la kitabu lililopakuliwa kwa mtandao hafifu, likala salio la mtumiaji, na alama ndogo inayoweza kuchorwa upya papo hapo, kwake ni sawasawa. Maelezo ya SoftReference katika Android sasa yanakiri jambo hili bila kuficha: vitu vinavyofutwa mapema mno huzalisha kazi isiyo ya lazima, na vinavyofutwa kwa kuchelewa hupoteza kumbukumbu bure.

Sababu ya pili ilihusu mahali ambapo baiti zenyewe zilikaa. Kabla ya Android 3.0, kitu cha Bitmap kilichomo katika hipu kilikuwa ganda dogo tu, na pikseli zake zilikuwa nje, katika kumbukumbu asilia ya mchakato. Baiti hizo za nje zilihesabiwa katika kikomo cha programu, lakini zilirudishwa kwa njia mbili tu: mwandishi aite mwenyewe recycle(), amri ya kuziachilia, au kitu kifikie hatua ya umalizaji, yaani usafi wa mwisho kabla hakijaondolewa. Fuata mlolongo wa njia hii ya pili. Mkusanya taka anafuta rejeleo laini. Ganda linabaki bila wa kulifikia. Linawekwa kwenye foleni ya umalizaji. Thredi (mkondo wa kazi) ya umalizaji inapopata zamu inaliendesha. Hapo ndipo pikseli zinaachiliwa. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho kuna muda usiotabirika, na ndani ya muda huo programu, ambayo iliomba nafasi kwa sababu ina picha mpya ya kusimbua, inaweza kuvuka kikomo na kufa. Kwa hiyo ule upande mmoja wa ahadi uliokuwa umebaki nao ulikuwa mtupu. Marejeleo yalifutwa kwa wakati kama sharti linavyotaka, ila baiti hazikuwa zimerudi.

Ndiyo maana malalamiko ya siku zile yalionekana kupingana: kwa upande mmoja picha zilipotea ilhali nafasi ipo, na kwa upande mwingine programu ilikufa kwa kukosa nafasi ilhali kache yote ilikuwa laini. Yote mawili yalikuwa kweli, na yalitokana na muundo uleule.

Yapo makosa madogo yaliyofuatana na hayo. Rejeleo likifutwa, kilichomo ndani yake huondoka, lakini ufunguo na ganda la rejeleo hubaki katika jedwali hadi mtu avitoe kwa kufuatilia ReferenceQueue, foleni ya marejeleo yaliyofutwa, na wengi hawakuifuatilia. Wengine walikimbilia WeakHashMap, jedwali la Java lenye marejeleo dhaifu, wakidhani ni kache iliyo tayari, bila kutambua kwamba udhaifu wake uko kwenye ufunguo. Anwani ya picha iliyoundwa kwa kuunganisha maneno haina mwingine anayeishika, kwa hiyo picha yake huondoka katika mzunguko unaofuata, ilhali anwani iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya programu hushikwa wakati wote, na picha yake haitoki kamwe.

Tiba ilikuja Mei 2011 katika Android 3.1, kwa darasa la LruCache, ambalo liliwekwa pia katika maktaba ya usaidizi ili simu za zamani zisiachwe nyuma. Ndani yake hakuna ugumu wowote. Ni LinkedHashMap inayopanga vitu kwa kufuata mara ya mwisho vilipotumiwa, na inashika kila kitu kwa rejeleo imara. Mwandishi hutaja bajeti, na kila kitu kipya kinapoingia na kuizidisha, vile vilivyokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa hutolewa mpaka jumla irudi ndani ya bajeti. Uzito wote wa mabadiliko uko hapo: programu inasema kwa namba iko tayari kutumia kiasi gani, na mkusanya taka anabaki na kazi yake halisi ya kuondoa visivyofikiwa na mtu.

Mwongozo ulipendekeza sehemu moja ya nane ya kikomo cha hipu kama mahali pa kuanzia. Kwenye simu ya MB 32 hiyo ni MB 4, ambayo kwa skrini ya 800 kwa 480 ni zaidi kidogo ya skrini mbili na nusu za picha. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini inaeleweka: mtumiaji akirudi nyuma skrini mbili, kila kitu kipo, akirudi tano, atasubiri. Mwandishi anaweza kulijadili hilo na wenzake, akalipima, akalibadilisha. Kuhusu kache laini hakuna sentensi ya namna hiyo inayoweza kuandikwa kwa ukweli.

Bajeti nayo ina mitego yake. LruCache isipoelekezwa vinginevyo huhesabu kila kitu kuwa kimoja, kwa hiyo mwandishi anayetaja bajeti ya 4,096 akikusudia kilobaiti, akasahau kuandika sizeOf, sehemu inayopima ukubwa wa kila kitu, amejiruhusu picha 4,096, ambazo zitaiua programu muda mrefu kabla bajeti haijafikiwa. Ukubwa unaorudishwa na sizeOf ni lazima uwe katika kipimo kilekile cha bajeti na usibadilike wakati kitu kimo ndani ya kache, la sivyo jumla hupotoka polepole na kache huanza kufanya maamuzi juu ya hesabu ya uongo.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hujitokeza kwa watu makini. Kwa kuwa kumbukumbu asilia ilikuwa ikichelewa kurudi, wengi waliona ni busara kuita recycle() pale picha inapotolewa kwenye kache. Lakini kutolewa kwenye kache hakumaanishi kwamba hakuna anayeitumia; picha inaweza kuwa bado iko kwenye skrini. Skrini inapochorwa tena, programu inakufa kwa kosa la kutumia bitimapu iliyokwisha kuachiliwa. Kumbe kuna maswali mawili hapa, nani anaitumia picha sasa na picha ipi ina uwezekano wa kutakiwa tena, na muundo unaoyachanganya utaanguka upande mmoja au mwingine.

Maktaba ya Glide, ambayo leo programu nyingi za Android huitegemea, iliyatenga maswali hayo kwa namna ninayoipenda. Picha zinazotumika wakati huu hushikwa katika jedwali la marejeleo dhaifu na kuhesabiwa watumiaji wake. Mtumiaji wa mwisho anapoiachia, picha huhamia kwenye kache ya kawaida yenye bajeti na utaratibu wa kutoa iliyokaa muda mrefu. Hapo rejeleo dhaifu limepewa kazi linayoiweza, yaani kutambua kitu ambacho bado kipo kwa sababu mwingine anakishika, bila kukirefushia maisha. Rejeleo laini nalo halikutupwa kabisa: mwongozo wa Android ulilitumia katika akiba ya bitimapu zilizokwisha kazi, ambazo tangu Android 3.0 kumbukumbu yake inaweza kutumiwa kusimbulia picha nyingine. Akiba hiyo ikifutwa mapema, hasara ni kuomba kumbukumbu mpya tu. Hakuna picha inayopotea machoni pa mtu. Tofauti ya gharama ndiyo inayoruhusu matumizi hayo.

Lilibaki jambo moja ambalo bajeti peke yake hailijui, nalo ni hali ya simu nzima. Android 4.0 ilileta onTrimMemory, wito ambao mfumo huipelekea programu pamoja na kiwango: kwamba skrini yake imefichwa, au kwamba imesukumwa nyuma na iko katika orodha ya zinazoweza kufungwa. Programu ikisikia imefichwa inaweza kupunguza kache kwa nusu. Ikiwa hatarini kufungwa inaweza kuifuta yote. Taarifa inatoka kwa anayeijua hali ya simu na uamuzi unafanywa na anayejua thamani ya picha. Huo ndio mgawanyo ambao rejeleo laini lilijaribu kuufupisha ndani ya kitu kimoja.

Niliahidi kwamba kisa hiki hakiishii kwenye simu. Katika HotSpot, mashine ya Java inayoendesha seva nyingi, rejeleo laini hupewa muda wa kuishi kwa kanuni: milisekunde 1,000 tangu lilipotumiwa mara ya mwisho kwa kila MB ya hipu iliyo wazi, na katika hali ya seva nafasi hiyo hupimwa dhidi ya ukubwa wa juu kabisa ulioruhusiwa. Seva yenye MB 3,000 zilizo wazi itamwachia kila mgeni wa kache sekunde 3,000, yaani dakika 50 bila kuguswa. Nafasi ikishuka hadi MB 100, muda unashuka hadi sekunde 100. Sikiliza maana yake kwa seva yenye msongamano: karibu kila kitu kimeguswa ndani ya sekunde 100, kwa hiyo hakuna kinachofutwa, hipu inajaa, na mkusanya taka anazunguka mara nyingi zaidi kwa faida ndogo zaidi. Inapofika hatua ya mwisho kabla ya OutOfMemoryError, vyote vinafutwa kwa mkupuo, na maombi yote yaliyokuwa yakijibiwa na kache yanaihamia hifadhidata kwa wakati mmoja, katika saa ileile ambayo seva imelemewa. Maktaba ya Java iitwayo Guava inaruhusu kache ya thamani laini, lakini maelezo yake yenyewe yanashauri kutaja ukubwa wa juu badala yake. Lugha za .NET hazina rejeleo laini hata kidogo, na lugha ya Go, ilipoongeza marejeleo katika toleo la 1.24 la mwaka 2025, iliongeza dhaifu pekee. Naona walichagua vyema.

Kwenye Android yenyewe hesabu imehama tena. Pikseli ambazo toleo la 3.0 liliziingiza ndani ya hipu zilitolewa nje mwaka 2017 na Android 8.0, safari hii kwa utaratibu unaomwezesha mkusanya taka kujua baiti ngapi za nje zimefungwa kwenye kila kitu. Ile moja ya nane ya hipu sasa ni sehemu ya chombo ambacho picha hazimo. Ninapopanga kache mpya, kwa hiyo, naanza na skrini: upana kwa urefu kwa baiti 4, mara idadi ya skrini ambazo mtumiaji anaweza kurudi nyuma bila kusubiri, kisha naipima jumla hiyo kwenye simu dhaifu kuliko zote ambazo watumiaji wangu wanazo.